Anapouzwa Mtengenezaji wa Spika

Mwezi Mei mwaka 2025 kampuni ya Harman, ambayo tangu mwaka 2017 ni mali ya Samsung ya Korea ya Kusini, ilitangaza kwamba ingenunua kwa dola za Kimarekani milioni 350 kundi zima la majina yanayoheshimiwa na wapenzi wa muziki: Denon, Marantz, Polk na, lililo kipenzi kuliko yote, Bowers & Wilkins ya Uingereza. Mwezi Septemba mwaka huo huo ununuzi ukakamilika. Kwa watu wengi habari hiyo ilikuwa ya biashara tu, ya kusomwa na kusahauliwa. Lakini kwa wale wapendao sauti safi, ambao huweza kukaa jioni nzima wakisikiliza santuri moja mara tatu huku wakisogeza spika kwa upana wa kidole, zilikuwa kama habari za msiba. Je, wahandisi watabaki? Kiwanda cha Worthing kitaendelea? Na ile sauti, ile hasa, itakuwa bado ni yenyewe?

Wako wanaoicheka hofu hiyo, wakisema kwamba spika ni sanduku la mbao na sumaku, wala sumaku haijui mwenye kampuni ni nani. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Ndani ya hofu ya wapenzi hao mna swali la kisayansi lenye uzito: sauti ya chombo hukaa wapi? Katika mchoro? Katika mikono ya wafanyakazi? Au katika kichwa cha msikilizaji?

Yafaa kwanza kutazama safari yenyewe. Bowers & Wilkins ilianzishwa mwaka 1966 mjini Worthing, pwani ya kusini ya Uingereza, ikichipuka kutoka duka la redio la John Bowers na Roy Wilkins. Katika miaka ya 1970 ilianza kutengeneza koni kwa nyuzi za Kevlar, zile zile zinazofumiwa fulana za kuzuia risasi. Mwaka 1979 ilitoa spika ya 801, ambayo baadaye iliingia katika studio za Abbey Road, London. Bowers alifariki mwaka 1987, na mwaka 1993 wahandisi wa kampuni wakatoa Nautilus, spika yenye umbo la konokono wa baharini ambayo hata asiyejua lolote juu ya sauti husimama kuitazama. Kisha zikaja zama za kuuzwa. Mwaka 2016 ilichukuliwa na EVA Automation, kampuni changa na ndogo sana ya California. Mwaka 2020 ikaenda kwa Sound United. Mwaka 2022 Sound United yenyewe ikanunuliwa na Masimo, watengenezaji wa vyombo vya hospitali, hasa kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu. Masimo walilipa zaidi kidogo ya dola bilioni moja, na siku habari ilipotangazwa bei ya hisa zao ilianguka kwa zaidi ya theluthi moja. Miaka mitatu baadaye waliuza kwa theluthi ya bei waliyonunulia. Mabwana wanne katika miaka tisa! Mpenzi wa sauti aliyeingiwa na wasiwasi ana haki yake.

Lakini wasiwasi hauna budi kuelekezwa mahali pake, na hapo ndipo fizikia inapotakiwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayo tayari elimu ya kutosha. Koili ya waya mwembamba imening'inizwa katika pengo la sumaku. Umeme unaobadilika-badilika unapita ndani yake, na nguvu inayozaliwa huisukuma koili mbele na nyuma. Koili imegundishwa kwenye koni, na koni husukuma hewa. Kama mambo yangeishia hapo, kiwanda chochote kingeweza kutengeneza spika nzuri, na kuuzwa kwa kampuni moja kusingemnyima mtu usingizi. Taabu ni kwamba koni haiendi yote kwa pamoja. Umeme unapobadilika polepole, mara 100 kwa sekunde kwa mfano, koni hutembea nzima kama pistoni. Ukifika mara elfu kadhaa kwa sekunde, ukingo huchelewa kukifuata kitovu. Mawimbi hutambaa juu ya koni yenyewe, hufika ukingoni, hurudi, na kila sehemu husema neno lake. Sauti ya mwimbaji hupata rangi ambayo mwimbaji hakuwa nayo. Kuna watengenezaji waliotumia karatasi, wengine plastiki, wengine nyuzi zilizofumwa, wote wakitafuta kitu chepesi, kigumu, na chenye tabia ya kumeza mitetemo yake chenyewe. Sifa hizo tatu hazipendi kukaa nyumba moja. Kila koni ni suluhu ya ugomvi wao.

Nalo sanduku hutetemeka. Nayo saketi inayogawa umeme, ikipeleka sauti nzito kwenye koni kubwa na sauti nyembamba kwenye ndogo, lazima ilingane na koni zilizopo, si na koni zilizokusudiwa. Gundi ikizidi gramu moja, karatasi ikibadilishwa, dawa ya kutuliza mitetemo ikipakwa kwa unene mwingine, matokeo husikika. Kwa hiyo swali la mikono ya nani inafanya kazi si la kipuuzi.

Mfano bora wa jambo hili hautoki Worthing. Unatoka katika Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lile lile ambalo wasikilizaji wa Kiswahili wamelijua kwa idhaa yao tangu mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika hilo lilihitaji spika ndogo ya kusikilizia matangazo ndani ya magari ya kurekodia nje ya studio, ambamo spika kubwa hazienei. Wahandisi wake walibuni sanduku lenye urefu wa sentimita 30 hivi, upana wa 19 na kina cha 16, wakatia humo vipaza viwili, kimoja cha sauti nzito na kimoja cha sauti nyembamba, vilivyotengenezwa na kampuni ya KEF. Wakaiita LS3/5. Kabla haijaanza kutengenezwa kwa wingi, KEF walikuwa wamevibadili vipaza hivyo, na usanifu wa kwanza haukufaa tena. Ikabidi kazi irudiwe, na ndiyo asili ya herufi A katika jina LS3/5A ambalo wapenzi wa sauti hulitaja hadi leo kwa heshima. Karibu na mwisho wa miaka ya 1980 yakatokea tena: koni za plastiki ya Bextrene zilikuwa zimeacha njia yake kidogo kidogo, na saketi ikasanifiwa upya, ukinzani wa spika ukashuka kutoka omu 15 hadi 11.

Msomaji aangalie vizuri. Katika matukio hayo mawili sauti iliponyoka bila ya kampuni kubadili mwenyewe. Iliponyoka kwa sababu vitu vilivyotengenezwa na watu huponyoka, hata mlangoni pawe na jina lile lile na msimamizi awe yule yule. Na ilirudishwa kwa sababu BBC walikuwa wameandika ni nini kinachotakiwa. Makampuni kadhaa, miongoni mwao Rogers, Chartwell, Spendor na Harbeth, yalipewa leseni ya kuitengeneza spika hiyo, na kila moja ililazimika kufuata vipimo vilivyowekwa na asiyekuwa muuzaji. Mwenye kiwanda angeweza kufilisika, kufa au kuuza, kipimo kilibaki.

KEF wenyewe ni ushahidi wa upande mwingine. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, mhandisi aliyepata kufanya kazi BBC, ilichukuliwa mwaka 1992 na Gold Peak ya Hong Kong. Aliyeitabiria kifo mwaka huo alikosea. Uhandisi uliendelea kufanyika Maidstone, na mwaka 2012 ikatoka LS50, spika ndogo iliyochukua mawazo yake kutoka LS3/5A na kusifiwa ulimwenguni kote. Mwenye mali alikuwa mbali. Wenye ujuzi walibaki mahali pao na walilipwa waendelee. Si kila jina limepata bahati hiyo. Yako majina ya zamani ambayo leo ni vibandiko tu, hununuliwa na kubandikwa juu ya bidhaa yoyote kama nembo ya klabu ya mpira.

Limebaki swali la kichwa cha msikilizaji, ambalo wapenzi wa sauti hawapendi kuulizwa. Floyd Toole, mwanasayansi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwakalisha watu mbele ya pazia, spika zikiwa nyuma yake, nguvu ya sauti ikiwa imesawazishwa, na kuwataka watoe alama bila kujua wanasikiliza chombo gani. Kwa miaka mingi majibu yalielekea upande mmoja: watu wa namna mbalimbali walipendelea spika isiyoongeza wala kupunguza sehemu yoyote ya sauti, na ambayo sauti inayokwenda pembeni inafanana na ile inayokuja mbele. Mwaka 1991 Toole aliajiriwa na Harman. Huko, mwaka 1994, yeye na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo lingestahili kufundishwa katika kila shule. Wasikilizaji wale wale walizipima spika zile zile mara mbili, kwanza kwa pazia, kisha wakiziona. Alama zilibadilika. Spika kubwa za kifahari zilipanda zilipoonekana, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka. Zaidi ya hayo, tofauti zilizoletwa na kuhamisha spika mahali pengine chumbani, ambazo masikio yalikuwa yakizitambua vizuri gizani, karibu zilipotea macho yalipofunguliwa.

Basi mnunuzi wa Bowers & Wilkins ni kampuni ile ile iliyoonyesha kwamba mpenzi wa spika huisikia sehemu ya sauti yake kwa macho. Kejeli hiyo haina budi kuwachoma wengi. Na ina meno, kwani vipimo vilivyochapishwa na magazeti ya sauti vimeonyesha kwamba spika kadhaa za Bowers & Wilkins za miaka ya karibuni haziko tambarare kabisa; sauti nyembamba zimeinuliwa kidogo, kwa makusudi bila shaka, na ndicho kinachowafanya wengine wazisifu kuwa wazi na wengine wazilaumu kuwa kali. Tuseme wahandisi wa Harman watazinyoosha. Katika jaribio la pazia huenda zikapata alama bora kuliko zamani. Wapenzi wataomboleza hata hivyo, na watakachokiomboleza kitakuwa ni kasoro waliyoizoea.

Je, wana haki ya kuiomboleza? Wanayo. Fundi wa zeze naye ana sauti yake, na hakuna amwambiaye ainyooshe. Lakini zeze huzaa muziki, na spika kazi yake ni kuufikisha. Ni mjumbe, na mjumbe anayetia chumvi katika ujumbe, hata kama chumvi hiyo ni tamu, hawezi kudai ukweli. Mtengenezaji anayeandika katika matangazo yake kwamba spika yake haiongezi wala kupunguza, huku akijua kwamba inaongeza, asilindwe na mapenzi ya wateja.

Wanaohofu wangefanya vyema kuacha kuuliza mnunuzi ni Mkorea au Mmarekani, na kudai mambo yanayoweza kuangaliwa. Kampuni itunze jozi ya kila aina ya spika iliyotengenezwa kabla ya mauzo, ili ile itakayotengenezwa mwaka 2030 iwekwe kando yake na kupimwa. Ichapishe vipimo vya mbele na vya pembeni kwa kila toleo, kwa desibeli, si kwa sifa. Na waalimu wanaweza kuwafundisha vijana namna ya kusikiliza kwa haki bila gharama: redio mbili zilizofungwa kwenye stesheni moja, shuka iliyotandazwa mbele yake, mwanafunzi mmoja wa kusawazisha ukubwa wa sauti, maana ile inayosikika kubwa kidogo tu huhukumiwa kuwa bora, na darasa likiandika majibu yake bila kunong'onezana. Mara nyingi redio mpya hupoteza baadhi ya mashabiki wake kabla ya kipindi kwisha.

Halafu liko jambo la vipuri, ambalo katika mjadala wote hutajwa mwisho ingawa ndilo linalomgusa mwenye chombo moja kwa moja. Spika hudumu kuliko vifaa vingi vya umeme. Zile za mwaka 1979 bado zinapiga majumbani. Ila pete ya sponji inayoishika koni ukingoni, katika aina nyingi za spika, huoza baada ya miaka kumi na tano au ishirini, na koili huungua ikipigwa kupita kiasi. Kipuri kinachoingia si kile kinachotosha tundu tu; lazima kiwe na uzito ule ule na ulegevu ule ule, la sivyo saketi itagawa umeme kwa koni isiyoijua. Ghala la vipuri hivyo hula pesa kila mwaka na halileti faida ya kuonekana, kwa hiyo ndilo la kwanza kuangaliwa na mhasibu wa bwana mpya. Mwenye 801 iliyopasuka pete atapeleka barua Worthing, na jibu atakalopata, kama kipuri kipo, kwa bei gani, au kama ashauriwe kununua mpya, litamweleza zaidi juu ya mauzo ya mwaka 2025 kuliko tangazo lolote.