Mafunzo ya Kiingereza: "Look for" na "Look after"

Mchunga ng'ombe mmoja alimwandikia tajiri wake aliyekuwa safarini: "I am looking for your cattle." Tajiri akakatiza safari, akidhani ng'ombe wake wamepotea. Kumbe wote walikuwa zizini, wameshiba. Mchunga alikusudia kusema kwamba anawatunza, bali aliandika kwamba anawatafuta. Ilimpasa kuandika "looking after".

Katika Kiswahili, kutazama, kutafuta na kutunza ni vitenzi vitatu mbalimbali. Katika Kiingereza kitenzi chaweza kuwa kimoja, "look", na neno dogo linalokifuata ndilo ligeuzalo maana: "at" ni kutazama, "for" ni kutafuta, "after" ni kutunza. Basi anayejifunza kitenzi cha namna hii na akishike pamoja na mkia wake, barua yake isije ikamrudisha mtu njiani bure.