TAHARIRI: Wajibu wa wenye mimbari

Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, Rais John Magufuli alisimama kanisani Dodoma akasema nyumba za ibada hazitafungwa. Kenya walifunga. Walipofungua Julai, waliohudhuria hawakutakiwa kuzidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 au chini ya 13 wabaki nyumbani. Ubishi wa nani alipatia bado uko vijiweni, nasi hatuna nia ya kuuamua hapa. Tunataka kuzungumza na waliokuwa wameshika kipaza sauti.

Ilihofiwa kwamba maradhi yangewagombanisha Waislamu na Wakristo. Hayakuwagombanisha. Ufa ulipita ndani ya nyumba moja, kati ya watu wa safu moja na benchi moja. Aliyevaa barakoa alionekana ana imani haba. Asiyevaa alionekana hajali roho za wenzake. Mzazi alitaka kwenda kwenye mkesha, mwanawe akamzuia mlangoni. Hata misibani watu walichunguzana nani kaja amefunika uso. Na si mara moja wala mbili aliyeugeuza huo mkanda wa kitambaa kuwa kipimo cha ucha Mungu alikuwa kiongozi wa dini, akishangiliwa.

Hakuwa na udhuru wa kutojua. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham na kupata habari za tauni, alishauriana na masahaba kisha akawarudisha watu Madina, na hakuna sheikh anayethubutu kusema Umar alipungukiwa na imani. Mambo ya Walawi, sura ya 13, inamwagiza kuhani amtenge mwenye dalili siku saba, amtazame tena. Kujitenga na maradhi kumo katika vitabu vyetu tangu kale. Aliyekisoma kitabu akauficha ukurasa huo ili asiwaudhi wakubwa, au ili sadaka isipungue, amewadhulumu waumini wake.

Wapo waliosema, na haki yao tuwape. Januari 2021, wakati takwimu rasmi za nchi zilikuwa zimegota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 tangu mwaka uliotangulia, Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) liliwaandikia waumini kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Machi, katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alitaja hadharani mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 waliofariki ndani ya miezi miwili wakiwa na matatizo ya kupumua. Kuhesabu maiti za nyumba yako mwenyewe mbele ya waandishi wa habari, katika siku zile, kulihitaji moyo. Lakini ilikuwa imechelewa. Sala za mazishi zilikwisha kusaliwa.

Kisha ikaja chanjo. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Julai 28, 2021, nako Kawe mbunge wake, Askofu Josephat Gwajima, akawa anahubiri dhidi ya chanjo hiyo. Muumini aliachwa achague kati ya mchungaji na nesi. Mchungaji ana uhuru wa kuhoji dawa kama raia yeyote. Akiihoji akiwa amevaa joho, anayemsikiliza hasikii tena maoni ya raia.

Kagera imekwisha kupata mlipuko wa virusi vya Marburg mara mbili tangu hapo, 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Virusi hivyo huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa na ya maiti, kwa hiyo vinaingia moja kwa moja katika kuosha, kukafini na kuaga, kazi ambazo ni za dini kabla hazijawa za serikali. Tunataka Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA), TEC na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) wakae meza moja na Wizara ya Afya sasa, pasipo na mgonjwa, waandike nani anatoa amri ya kusitisha ibada ya pamoja, maiti ya ugonjwa wa kuambukiza inaoshwaje au inatayamamishwaje, na kiongozi wa dini anayepotosha anaitwa wapi kujieleza. Waraka huo usomwe Ijumaa na Jumapili, katika kila msikiti na kila kigango, na majina ya waliousaini yasomwe pamoja nao.