«Ulipata ngapi?»

Kila mwaka, siku matokeo ya Exetat yanapotoka, vigelegele vinajaa Bukavu. Waliopita wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, mama zao wanaimba barabarani. Aliyepata asilimia 49 anajifungia chumbani. Kati yake na mwenye 50 kuna nafasi ndogo sana, lakini mmoja anapewa diploma, na mwengine tunasema «ameanguka», kama vile ametoka juu ya mti.

Tangu 1967 mtihani huu unapanga maisha ya watoto wetu. Hatukatai kwamba nchi kubwa kama Kongo inahitaji kipimo kimoja, ili mtoto wa Shabunda asidharauliwe mbele ya yule wa Kinshasa. Tunachokataa ni kipimo kushika nafasi ya mtoto mwenyewe. Akirudi na buletini, hatumuulizi amejifunza nini. Tunauliza: «Ulipata ngapi? Uko wa ngapi?» Naye anaelewa haraka. Anatafuta pointi, hata za kununua. (Kule vyuo vikuu wanafunzi wenyewe wamezipa pointi fulani jina la ugonjwa, tuache hapo.)

Wengine watatujibu: hata wazee walikuwa na ngazi. Ni kweli. Kwa Warega, Bwami ilipanda kutoka kongabulumbu mpaka kindi, na mali ilidaiwa, tusijidanganye. Lakini hakuna aliyepanda kwa kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Walitazama namna anavyoishi na watu: anatuliza ugomvi, ao ni yeye anauwasha? Alionyeshwa sanamu ndogo, gamba la kakakuona, mdomo wa ndege, akaimbiwa methali yake, akarudi nayo nyumbani kuifikiri. Na aliyebakia ngazi ya chini hakuitwa mtu aliyeanguka. Alikuwa mwami kati ya wenzake. Wakoloni walipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na shule ikabaki na mizani peke yake.

Kwenye buletini kuna mstari wa konduite. Mwalimu anaandika pale herufi moja ao mbili, pengine bila kukumbuka sura ya mtoto, juu wanafunzi wamejaa darasani. Tunaomba ziandikwe pale sentensi tatu: mtoto huyu anajua kufanya nini, anasaidia nani, nini kinamshinda. Na sisi wazazi tuzisome kabla ya kutafuta asilimia.