Ufa hauzibwi kwa karatasi

KATIKA taarifa za habari za Kiingereza zinazohusu mikataba ya amani na migogoro ya vyama, kuna kitenzi kinachojitokeza mara kwa mara: “paper over”. Maana yake ya asili ni kubandika karatasi juu ya kitu. Katika siasa, maana yake ni kuificha kasoro ili ionekane haipo, ilhali chanzo chake hakijaguswa.

Taswira hiyo imetoka nyumbani. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Ulaya hupambwa kwa karatasi maalumu. Fundi asiye mwaminifu huibandika juu ya ufa. Mpangaji akaona ukuta unapendeza, huku ufa ukizidi kupanuka nyuma yake.

Katika siasa, taswira hiyo inahusishwa na Otto von Bismarck, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Prussia. Mwaka 1864, Prussia na Austria ziliishinda Denmark na kutwaa majimbo ya Schleswig na Holstein, kisha zikavutana juu ya namna ya kuyatawala. Agosti 14, 1865 zilitia saini Mkataba wa Gastein: Prussia isimamie Schleswig, Austria isimamie Holstein. Bismarck mwenyewe aliyafananisha makubaliano hayo na kubandika nyufa za jengo.

Juni 1866, kabla mwaka haujatimia, vita vilizuka, na Julai 3 Austria ikashindwa vibaya huko Königgrätz. Swali lililofunikwa, yaani nani awe mkubwa miongoni mwa dola za Kijerumani, lilijibiwa kwa mizinga. Aliyebandika karatasi ndiye aliyejua vyema kilichokuwa nyuma yake.

Kiswahili nacho kina methali mbili zinazovutana. Moja husema funika kombe mwanaharamu apite. Nyingine huonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, methali hizo hazipingani. Kombe hufunikwa kwa muda tu, na mpita njia akishaondoka hufunuliwa. Hatari huja pale kifuniko kinapogeuzwa kuwa suluhisho.

Zanzibar inatoa somo. Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF ulitiwa saini mwaka 1999, lakini Januari 2001 waandamanaji waliuawa. Muafaka wa pili ulifuata Oktoba mwaka huohuo. Ni mwaka 2010 ndipo Katiba ya Zanzibar ilipobadilishwa, baada ya kura ya maoni ya Julai, ili kuruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hata baada ya hatua hiyo kubwa, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, na CUF ikasusia wa marudio wa Machi 2016.

Kwa hiyo, mkataba wowote unaposhangiliwa, swali la kuuliza si nani ametia saini, bali ni kifungu gani kinachogusa chanzo cha ugomvi. Kisipokuwapo, wananchi wamekabidhiwa karatasi ya ukutani.