Boma si nusu ya nyumba

Ukipita Chanika, Kivule au Bunju utayaona: maboma ya tofali yasiyo na paa, lenta imeshapigwa, nondo zimechomoza juu na kushika kutu. Moja liko jirani na kwa shemeji yangu. Sebuleni kumeota mpapai, na umeshazaa. Mwenye boma amepanga vyumba viwili mjini, analipa kodi ya miezi sita sita. Ukimuuliza, anajibu bila wasiwasi: "Kazi kubwa nimemaliza. Imebaki finishingi tu."

Ugomvi wangu uko kwenye hiyo "tu".

Tumeaminishana kwamba boma likisimama, nyumba imevuka nusu. Ndiyo maana mtu akitaka kujenga huuliza swali moja: itakula tofali ngapi? Shemeji naye aliuliza hivyo hivyo. Fundi alikizungushia macho kiwanja, akachana kipande cha mfuko wa saruji, akachomoa penseli nyuma ya sikio. Tofali 2,800 pamoja na za msingi. Mchanga, kokoto, nondo, saruji, ufundi. Akajumlisha, akapiga mstari chini. "Bosi, hapo boma limesimama. Mengine mdogo mdogo." Shemeji akaikunja ile karatasi kwa adabu, utadhani hati ya kiwanja.

Fundi hakudanganya. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita za mraba 110 hivi inaweza kula idadi hiyo, kiwanja kikiwa tambarare. (Kwenye miteremko ya Goba ni habari nyingine: msingi utameza tofali ambazo hakuna mgeni atakayeziona wala kuzisifia.) Kosa lilikuwa kuyaita mahesabu ya boma gharama ya nyumba.

Tuanze na ukuta huo huo. Unajengwa mara moja, lakini una nyuso mbili. Mita za mraba 200 za ukuta ni mita 400 za lipu, na lipu hiyo peke yake inaweza kutaka mifuko 40 ya saruji au zaidi, na hapo hujapaka rangi hata tone. Sakafuni, boksi la marumaru nne za sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44. Mita 100 ni maboksi 70, na kwa kuwa nyingine zitakatwa na nyingine zitavunjika, nunua zaidi ya 75. Milango nayo: wa mbele, wa jikoni, ya vyumba vitatu, wa choo cha ndani, wa choo cha masta, wa stoo. Minane. Kila mmoja una fremu, bawaba, kitasa na ujira wa seremala. Kwenye kile kipande cha mfuko haukuwamo hata mmoja. Bado kupaua, dari, madirisha, waya, mabomba, kuvuta umeme na maji. Bado karo la choo, ambalo husahaulika kwa sababu haliko chini ya paa.

Kwa nyumba tunazozitamani siku hizi, za aluminiamu na dari za jipsamu, boma bila paa mara nyingi halifiki nusu ya gharama. Linaweza kuwa theluthi.

Najua nitakachojibiwa: mnyonge atajengaje kama si kidogo kidogo? Sina neno na kidogo kidogo. Wengi wetu hatuna njia nyingine. Lakini kidogo kidogo si lazima iwe boma la vyumba vinne leo na paa lisilojulikana litakuja lini. Pesa ile ile ingeweza kuezeka vyumba viwili na choo, ukahamia, kodi ikakoma, kisha ukaongeza upande wa pili. Tatizo ni kwamba vyumba viwili havipendezi kwenye picha ya kutuma kijijini.

Wengine husema mkadiriaji majenzi ni wa wenye maghorofa. Si kweli. Taaluma hiyo ina bodi yake ya usajili, ile ile ya wabunifu majengo, na kazi yake ni kukuandikia kila kitu mpaka bawaba kabla hujamwaga zege. Ukishindwa kumlipa, basi mbane fundi wako.

Akikukabidhi kipande chake cha mfuko wa saruji, kigeuze, umrudishie na penseli. Mwambie upande wa pili aandike paa, lipu, milango, madirisha, dari, sakafu, waya, maji na karo, kila kimoja na bei yake ya leo. Akikwambia hayo ni ya baadaye, usiagize tofali.