Mbuzi Hanunui Ubaba

Wako wazee katika vijiji vya Kivu ambao, msichana akishikwa kwa nguvu na kupata mimba, hupokea mbuzi kwa jamaa ya mkosaji na kusema: «Maneno yamekwisha, mtoto ni wa baba yake.»

Sisi twasema: hapana! Mwizi hapati urithi katika nyumba aliyoivunja. Sheria ya 2006 humfunga mtu wa namna hiyo miaka 5 mpaka 20, wala haikubali afute kosa lake kwa faini.

Watajibu: «Sheria ya jamaa ya 1987 yataka kila mtoto awe na baba.» Ni kweli. Lakini yataka hivyo kwa faida ya mtoto. Asiye na baba anayejulikana, hakimu huweza kumchagulia mmoja wa jamaa ya mama yake. Basi ubaba ni ulinzi, si damu tu.

Mkosaji na alipe chakula na shule: hilo ni deni lake. Amri juu ya mtoto asipewe. Na mtoto mwenyewe, ambaye hana kosa, tusimwite nyoka. Tumwite mwana wetu.