Chupa Imezeeka, Sawa. Nani Ataifungua?

Maoni yangu ya leo yatanikosanisha na watu, lakini acha niyaseme tu. Mtu mwenye chupa 300 za bia kwenye chumba cha chini ya nyumba, na hajui ladha ya hata 10 kati ya hizo, huyo si mkusanyaji. Huyo ni stoo yenye miguu.

Tulia kwanza nikueleze ni bia gani, kwa sababu si ile ya kopo unayoiona kwa duka la mtaa. Na kama hujafika miaka 18, karibu usome. Hapa hakuna anayekuuzia kitu. Tunaongea kuhusu muda, vijidudu na pesa.

Magharibi mwa jiji la Brussels, Ubelgiji, kuna eneo la mashamba linaitwa Pajottenland. Huko, na kwenye bonde la mto Zenne linalopita Brussels yenyewe, watu wanatengeneza bia chachu inaitwa lambic. Mtengenezaji wa bia wa kawaida ana hofu moja kubwa: vijidudu vya hewani visimwingilie mtungi. Hawa wa lambic wanavikaribisha. Wanachemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano mbichi, wanatia hopsi zilizokaa stoo mpaka uchungu wake ukapungua, halafu usiku wanamwaga huo mchuzi wa moto kwenye sinia kubwa la chuma lisilo na kifuniko. Linaitwa koelschip. Hewa ya usiku inaingia inavyotaka. Asubuhi mchuzi umepoa na umeshapata wageni: hamira za porini na bakteria. Hakuna mtu ametia hamira ya pakiti. Baadaye unaingia kwenye mapipa ya mwaloni na kukaa humo mwaka mmoja, miwili, hata mitatu.

Sasa kuna geuze, na hii ndiyo inafanya watu wapagawe. Mchanganyaji anaonja pipa moja moja, anachukua lambic ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu, anazichanganya na kuzifunga kwenye chupa nzito kama za shampeni. Ile changa bado ina sukari, kwa hivyo inachachuka tena ndani ya chupa na kuleta gesi. Ile kuukuu inaleta uzito wa ladha. Ukiloweka cheri chachu kwenye lambic unapata kriek. Jina la Oude Geuze lina ulinzi wa Umoja wa Ulaya tangu 1997, na moja ya masharti ni kwamba sehemu kuukuu zaidi ya mchanganyiko iwe imefika miaka 3.

Ukilaza chupa ya namna hiyo mahali penye giza na baridi, haiozi. Inaendelea kubadilika miaka 5, 10, hata 20. Hapo ndipo wakusanyaji wanapoingilia.

Mimi nimeijua hii dunia kupitia kazi. Nilitoka chuo mwaka wa pili nikaanza kuhariri video za watu, na mteja mmoja wa huko akawa ananitumia masaa kwa masaa ya wazee wamekaa kwenye meza ndefu wakifungua chupa. Ukikatakata sekunde za mtu akinusa glasi kwa wiki tatu, utajifunza tu, upende usipende.

Kitu kilichonishika kwanza ni vile wanasoma umri wa chupa. Ni upelelezi kabisa. Unaanza na ile tarehe ya "itumike kabla ya". Kwa sheria za Ulaya, kinywaji chenye pombe chini ya asilimia 10 lazima kiwe na tarehe hiyo, na lambic huwa chini ya hapo. Lakini shida ni moja: kuna nyumba zinazoandika miaka 10 mbele, na zingine miaka 20. Chupa ikisema 2035, haijakwambia kitu mpaka ujue nani ameifunga na mazoea yake yalikuwa gani mwaka huo.

Kisha unaangalia lebo. Nyumba ya 3 Fonteinen siku hizi inaandika msimu na namba ya mchanganyiko, kwa hivyo kazi ni rahisi. Kwa chupa za zamani unahesabu vitu vidogo: muundo wa lebo ulibadilika lini, kuna msimbopau au hakuna, muagizaji aliyebandika karatasi ya nyuma ni nani. Kuna nyumba zilizochapa mwaka kwenye kizibo, lakini ukitaka kukisoma chote unakitoa, na ukishakitoa hiyo chupa si ya kuhifadhi tena. Zile za zamani kabisa hazina lebo hata kidogo. Zina mstari mweupe tu uliopakwa kwa brashi upande mmoja. Mstari huo ulionyesha upande uliolala juu kule stoo, ili ukiihamisha usivuruge masimbi yaliyotulia chini.

Ujuzi huo naupenda, sitadanganya. Lakini kujua mwaka wa chupa bila kuijua ladha yake ni kama kujua mwaka aliozaliwa shosho na hujawahi kukaa naye jikoni akakupigia stori. Unajua nini sasa? Namba.

Tarehe ina kazi moja ya maana, nayo ni kulinganisha. Unachukua geuze ya nyumba ileile, ya mwaka 1, ya miaka 5 na ya miaka 10, zote zilizolala stoo moja. Unazivika soksi ili mtu asione lebo. Unazipa namba. Kila mtu anaandika anachoonja kabla ya yeyote kufungua mdomo, kwa sababu mzee mmoja akisema "ah, hii ni kitu", meza nzima itaitikia amina.

Ikifanywa hivyo, hadithi inatoka yenyewe. Ile changa ni kali kama ndimu, gesi imejaa. Ya katikati imetulia na ina harufu ya nyasi kavu, ngozi, hata zizi la farasi. Hiyo ni kazi ya hamira inayoitwa Brettanomyces, na amini usiamini, wenyewe wanaisifia. Ya kale sana inaweza kuwa ya ajabu, au inaweza kuwa imepoteza gesi na kunuka karatasi iliyolowa. Kriek ndiyo inaumia mapema: tunda linafifia na ule wekundu unaelekea hudhurungi.

Na hapa ndipo wengi hawapendi kusikia: kwenye video nilizohariri, chupa kongwe haikushinda kila mara. Niliona wazee walioapa kwamba umri ni kila kitu wakichagua chupa ya miaka minne, soksi ikavuliwa, wakabaki kuangaliana. Kwa hivyo ukiniambia yako ina thamani kwa sababu ni ya zamani, nitakuuliza umeionja na nini ikiwa kando yake.

Tuongee pesa sasa. Kuna watu wanaonunua hizi chupa kwa bei ya mtengenezaji, wanazificha, halafu wanazipeleka mnadani kwa bei ya kutisha. Unamjua huyu mtu. Ni yule anayenunua pea sita za viatu vipya asubuhi na kuziuza jioni mara tatu, na hata saizi si yake. Tofauti ni kwamba kiwanda cha viatu kinaweza kuongeza zamu. Lambic haiwezi. Ukiamua leo unataka geuze zaidi, ile sehemu ya miaka mitatu ilitakiwa uwe umeshaipika miaka mitatu iliyopita.

Na huwezi kupika siku yoyote. Msimu ni kama Oktoba hadi Aprili, kwa sababu mchuzi unahitaji usiku wa baridi upoe polepole bila kuingiliwa na vijidudu vibaya. Hali ya hewa inavyozidi kuwa na joto, hizo siku zinapungua. Cantillon, nyumba ya Brussels iliyoanza mwaka 1900 na ambayo tangu 1978 pia ni makumbusho, ililazimika kusimamisha upishi Novemba 2015 kwa sababu usiku ulikuwa na joto mno. Kwa hivyo mzigo ni mdogo, na hautakuwa mkubwa kesho. Kila chupa inayogeuzwa kuwa hisa za soko ni chupa imetoka mezani. Na ile bei ya mnada? Aliyeamka usiku kupika haoni hata senti. Yeye alilipwa mara moja tu, ile bei ya kwanza.

Najua mtanijibu: "Wakusanyaji ndio waliiokoa hii bia." Kweli, na nawapa heshima yao. Karne iliyopita watu waligeukia vinywaji vitamu na vya haraka, nyumba za lambic zikafungwa moja baada ya nyingine, zikabaki chache sana. Mtu aliyenunua kreti nzima wakati huo alifanya kazi ya maana. Lakini alinunua kwa aliyetengeneza, akanywa, akaita marafiki, akarudi kununua tena. Anayenunua ili auze na asionje anaokoa nini?

Fikiria Armand Debelder wa 3 Fonteinen, kule Beersel. Mei 2009, kifaa cha kudhibiti joto kwenye stoo yake kiliharibika. Joto likapanda, chupa kama 80,000 zikaharibika, zingine zikalipuka. Akiba ya miaka, imekwenda. Badala ya kufunga duka, ile bia iliyoharibika ikageuzwa kuwa pombe kali ya kukenekwa ili ipatikane pesa ya kuanza upya, na akaanza. Armand alifariki 2022. Michanganyiko aliyoionja na kuiamua yeye mwenyewe bado imelala kwenye vyumba vya watu, na haitaongezeka hata moja.

Kijana anayejifunza kuchanganya leo angetaka kujua: uamuzi ule wa mzee ulikujaje baada ya miaka 15? Alipatia? Alikosea? Jibu haliko kwenye kitabu. Liko ndani ya chupa, na mwenye chupa anangoja bei ipande. Kizibo nacho hakingoji. Kikichoka, gesi inatoka, hewa inaingia, na jibu linapotea bila mtu kulisikia. Hilo ndilo linaniuma kwenye hii mambo yote.

Sisi tuna methali ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wa Pwani wanajua mnazi nao unajichachukia wenyewe, bila hamira ya dukani, na hautakungoja miaka 20. Ukiuacha siku chache umekuwa siki. Kwa hivyo mnazi unanywewa na watu walio hapo, siku hiyo hiyo. Kule Pajottenland ugumu ni wa aina nyingine. Mgema amesifiwa na hajatia maji. Ni wasifiaji ndio wamefungia tembo kwenye kabati.

Kwa hivyo sheria yangu kwa yeyote anayekusanya chochote, iwe bia, kanda za zamani au manukato, ni hii. Nunua mbili: moja ya kutumia sasa, moja ya kuweka. Ile ya kuweka, andika siku uliyoinunua na mwaka utakaoifungua. Ukifika mwaka huo, ita watu watatu, funika lebo, mlinganishe, muandike mlichokipata na mkiweke mahali wengine watakisoma. Ukiwa na nyingi kuliko marafiki wa kuzimaliza nao, acha kununua kwanza, tafuta marafiki.

Na wewe una kitu umekiweka tu, kinazeeka, na hujui hata kikoje? Niambie ni nini. Halafu niambie unangoja nini.